Sura ya Saba: Kilwa, Tanga, Bagamoyo

Simu ya maandishi kutoka Bagamoyo ilifika mchana, nayo haikuwa na jipya kuliko ile ya Tanga na ile ya Kilwa. Polisi wa huko walikuwa wamepekua maduka, maghala na nyumba za watu wasiokuwa na hatia, wasione hata kipande kimoja cha kanga. Sajini Leodegar aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa, kisha akaiweka juu ya zile mbili na kuvua kiatu cha kushoto. Mguu ulikuwa umevimba. Alikuwa askari kanzu, yule mpelelezi asiyevaa sare, na kazi ya askari kanzu ni miguu. Yake ilikuwa ikizunguka mitaa ya Kariakoo tangu wakati wa vita, na siku hizi ilikuwa imechoka kuliko mwenyewe, na mwenyewe alikuwa amechoka vya kutosha.

Kesi yenyewe ilianza kwa kuonekana nyepesi. Jumapili iliyopita, watu wakiwa wamefurika Mnazi Mmoja kwenye mkutano, mtu alifungua ghala la Bwana Mbaruku, mfanyabiashara wa jumla wa Mtaa wa Mchikichi, akatoa marobota yote ya kanga mpya. Kufuli halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo wake, na mwizi alipomaliza akalifunga tena kama mtu mwenye adabu zake. Funguo za kufuli hilo zilikuwa mbili tu. Mmoja alikuwa nao Mbaruku, aliyesema alishinda Buguruni kwa rafiki yake. Wa pili alikuwa nao karani wake, kijana aitwaye Shomari.

Shomari alikamatwa Jumatatu, ufunguo ukiwa kiunoni. Ulikuwa wapi jana? Chumbani kwangu. Tangu lini mpaka lini? Tangu adhuhuri mpaka magharibi. Na nani? Hapo kijana akafunga kinywa, na hakukifungua tena.

Aliyekifungua chake ni Candida, mpangaji mwenzake, mama wa Kikristo kutoka Ndanda aliyekuwa akichoma maandazi uani mchana kutwa. Alisema hakumwona mtu akiingia kwa Shomari wala kutoka. Ila alimsikia Shomari mwenyewe akisema kwa sauti ya chini, "Chukua Kilwa." Halafu, "Basi, chukua Tanga." Na jua lilipokuwa linakwenda kuzama, "Haya, Bagamoyo hiyo, sina tena." Bwana Inspekta, Mzungu aliyekuwa mkubwa wa Leodegar, aliposomewa maneno hayo alipiga meza kwa furaha. Karani aliwapa wenzake ufunguo, akabaki chumbani akiwagawia njia kupitia dirishani: wewe uza Kilwa, wewe Tanga, wewe Bagamoyo. Jalada liende kwa hakimu kesho asubuhi. Kwa wizi wa namna ile hakimu hangekuwa na mkono mwepesi, na Shomari angeingia jela kijana akatoka mzee.

Ila mali haikuwapo Kilwa, wala Tanga, wala Bagamoyo. Sajini alilisukuma kando jalada na kuvuta furushi la vitu vilivyochukuliwa chumbani kwa Shomari: shuka, kikombe cha bati, shati moja la kutokea na gazeti la wiki iliyopita, lililokunjwa kwenye ukurasa wa fumbo la maneno. Hakuna aliyelijali gazeti. Alilichukua kwa sababu mguu ulikuwa juu ya kiti na lazima macho nayo yafanye kitu.

Fumbo lilikuwa la vijumba vyeupe na vyeusi, la namna ambayo makarani wa mjini walikuwa wameishikia wazimu mwaka ule. Baadhi ya maswali yalikuwa methali zilizokatwa neno. Mengine yalikupa neno zima na kukutaka uzivuruge herufi zake upate neno jingine. SAFARI ivuruge, umpande mgongoni: hapo Shomari alikuwa ameandika FARASI. UKUTA uvuruge, mzigo ushuke: KUTUA. Sajini alilileta gazeti karibu na pua. Penye methali, penseli ilikuwa imeandika mara moja, bila kusita. Penye maneno ya kuvurugwa, karatasi ilikuwa imefutwa, ikafutwa tena mpaka ikakaribia kutoboka, ndipo jibu likaja safi, herufi moja baada ya nyingine, kama lililoandikwa na mtu anayeandikishwa.

Na palikuwa na jambo la tatu, ambalo lilimkera zaidi. Maneno yote magumu yalikuwa yamejazwa. Lililobaki tupu lilikuwa moja tu, tena la methali: "Mficha uchi" na vijumba vitano. Nani asiyeijua hiyo? Hata Bwana Inspekta alikuwa akiisema, ingawa aliisema vibaya.

Alivaa kiatu akiguna, akachukua gazeti jipya lililotoka asubuhi ile, akaenda chumba cha mahabusu. Mlangoni alikuwapo Koplo Bakili, Mzaramo mnene mwenye usingizi wa karibu. Shomari alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. Siku chache zilikuwa zimetosha kumkondesha.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sikuja kukuuliza kanga. Nimekuja na fumbo. 'Mgeni njoo, mwenyeji' nini?"

"Apone," Shomari alijibu, kisha akaonekana kujishangaa kwamba amejibu.

"'Chovya chovya' humaliza nini?"

"Buyu la asali. Afande, unanitania?"

"Mimi sina nguvu za kutania. Sikiliza hili. HASIRA ivuruge, uifanye kwa mkono au kwa kichwa."

Shomari alikunja uso. Kidole chake cha shahada kilianza kugonga ukuta, ko, ko, ko, polepole, naye hakuwa na habari nacho. Midomo ilicheza. Alianza na *sira*, akaacha, akaanza na *raha*, akaacha. Sajini alisubiri. Nje mchuuzi wa maji alipita akipiga kelele, na bado kidole kilikuwa kikigonga.

"Nimeshindwa, mzee wangu," Shomari alisema mwishowe, kichwa kikiwa bado kwenye herufi. "Nakupa Lindi."

Sajini Leodegar aliondoka kwa haraka ambayo mguu wake haukuitegemea. Lindi! Mji wa nne! Alitoa penseli, akaandika kiganjani kwa kukosa karatasi, akafika mlangoni akiwa tayari ameipanga simu ya Lindi kichwani. Hapo akasita. Huyu kijana kasema nakupa. Anipe mimi Lindi? Niipeleke wapi?

Aligeuka. Shomari alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

Nyuma ya Sajini, Koplo Bakili alikuwa akicheka mpaka mkanda unapanda na kushuka. "Ichukue, afande! Mwenzio kakupa mji, wewe unakimbia."

"Mji gani? Sema kitu cha maana, Bakili."

"Si kitendawili? Mtu akishindwa, hutoa mji. Ukiukataa, anakupa mwingine, mpaka uridhike, ndipo unamwambia jibu. Sisi huku ndivyo tulivyokua. Kwani kwenu Rombo mlikuwa mnafanyaje?"

"Kwetu aliyeshindwa alichekwa tu," Sajini alisema, "akaenda kulala."

Aliona aibu, na aibu ile ilimpanda mpaka masikioni. Simu tatu. Wilaya tatu zimepekuliwa. Candida alikuwa amesikia sawasawa, kila neno, naye Candida alitoka bara ya kusini kama yeye alivyotoka bara ya kaskazini. Wawili hao, na Mzungu wao wa tatu, walikuwa wameuchukua mchezo wa watoto wa pwani wakaufanya genge la wezi. Na Koplo Bakili, ambaye angewaambia tangu Jumatatu, hakuna aliyemwonyesha jalada, maana kazi yake ilikuwa mlango.

Alirudi akachutama mbele ya Shomari, magoti yakilia.

"Ulitoa miji mitatu Jumapili. Tena si kwa methali. Methali unazijua wewe. Ulishindwa kwa haya ya kuvuruga, na kuna mtu aliyekuwa akikuambia majibu. Nani?"

"Nilikuwa peke yangu."

"Mtu hajipi miji mwenyewe."

Shomari alitazama chini. "Afande, niandikie miaka waliyokuambia uniandikie. Nitakwenda."

"Kwa ajili ya fumbo la gazeti?"

Kijana alikumbatia magoti yake. Alikuwa anaogopa, hilo lilionekana wazi, lakini hakuwa anajiogopea yeye. Sajini alikuwa ameona waongo wengi na mashujaa wachache, na wote wawili walikuwa wakimchosha, ila mashujaa zaidi.

Nyumba aliyopanga Shomari ilikuwa mtaa wa Gerezani, ng'ambo ya karakana za reli. Ilikuwa nyumba ya vyumba sita na ukumbi katikati, ya marehemu kaka wa Mbaruku, aliyefariki miezi michache nyuma. Sajini alifika jua likiwa kali bado. Candida alikuwa uani kwenye karai lake, akigeuza maandazi kwa kijiti.

"Umerudi, baba. Wamemfunga?"

"Bado. Nifungulie chumba chake."

Mlango ulilia ulipofunguliwa, mlio mrefu ambao mtaa mzima ungeusikia. Ndani palikuwa na kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia nguo, na dirisha. Sajini alilisogelea dirisha, ambalo kwa dhana ya Bwana Inspekta wezi watatu walisimama nje yake, akalisukuma. Halikusogea. Lilikuwa limepigiliwa bati kwa nje, na misumari ilikuwa na kutu ya miaka. Alishusha pumzi. Kama angekuja mwenyewe siku ya kwanza, badala ya kumtuma askari wa kupekua masanduku, angeliona. Lakini siku ya kwanza mguu ulikuwa unauma.

Alikaa kitandani, mahali ambapo Shomari angekaa akiwa na gazeti. Ukuta wa udongo uliopakwa chokaa ulikuwa mkono wa kulia. Chokaa ilikuwa imebanduka sehemu moja, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, na palikuwa na vishimo vidogo vidogo vingi, vyote vya ukubwa mmoja. Sajini alitia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa ghala aliokuwa amekuja nao kama kielelezo, akaweka ncha yake kwenye kishimo kimoja. Ilikaa. Akajaribu cha pili. Ilikaa.

Halafu akatazama juu. Ukuta haukufika paani. Uliishia kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, na juu yake palikuwa wazi, hewa ya chumba hiki na hewa ya chumba cha pili ikichanganyika.

"Mama," aliita, "chumba hiki cha pili anakaa nani?"

Candida alichungulia mlangoni, mikono imejaa unga. "Bi Sikudhani. Mjane wa marehemu. Yuko eda, maskini, haonani na wanaume mpaka miezi yake minne na siku kumi iishe."

"Na Jumapili alikuwapo?"

"Atakwenda wapi?"

"Mbona hamkutuambia?"

"Nyie mliniuliza nani kaingia, nani katoka," Candida alisema. "Yeye haingii wala hatoki."

Sajini alifunika uso kwa viganja. Kisha akafungua gazeti jipya na kusoma kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

"HASIRA ivuruge. Uifanye kwa mkono au kwa kichwa."

Mafuta ya Candida yalikuwa yakichemka huko nje. Sajini akaanza kuhisi upumbavu wake, mzee mzima akiusomea ukuta gazeti. Ndipo sauti ya mwanamke, ndogo na ya taratibu, ikaja kutoka juu.

"Ishara. Wewe ni polisi?"

"Ndiyo, Bi Sikudhani. Pole na msiba."

"Nilishapoa. Jirani yangu yuko hai?"

Candida aliingilia kati, akamshika Sajini mkono wa shati. Haifai kuzungumza naye hivyo kwa juu ya ukuta, alisema, apite ukumbini, asimame nje ya pazia, na yeye Candida akae ndani na mwenzake ili mtu akipita aone heshima ipo. Sajini alifanya alivyoambiwa. Kutoka nyuma ya pazia ilianza harufu ya ubani, kisha sauti.

Bi Sikudhani alieleza bila kujivunia na bila kuomba msamaha. Kuta nne zilikuwa zimemchosha. Siku moja alimsikia kijana wa jirani akihangaika na neno kwa sauti, akilirudia mpaka likamtia kichefuchefu, naye akamwambia jibu ili anyamaze. Utotoni, Kilwa, wasichana walikuwa wakisema kinyume, wakigeuza maneno nyuma mbele ili wakubwa wasiwaelewe, basi herufi zilimvurugikia kichwani zenyewe bila kuzitazama. Tangu hapo kila gazeti lilipotoka, Shomari alisoma na yeye alijibu. Methali zilikuwa za Shomari. Hawakuwahi kuonana. Asingeweza kumtambua njiani.

"Jumapili alikupa miji gani?" Sajini aliuliza.

"Kwanza Kilwa, nikaikataa. Kilwa ni kwetu, nitapewaje mji wangu? Akasema, basi, chukua Tanga. Nikampa farasi. Hili la kutua liligoma mpaka jioni, akanipa Bagamoyo, akalalamika kwamba hana tena."

"Mama yangu!" Candida alisema nyuma ya pazia. "Ndivyo alivyosema! Ndivyo hasa! Na mimi nimekwenda kumsemea polisi!" Sauti yake ilipasuka, akaanza kulia, na Bi Sikudhani akawa ndiye anayembembeleza.

Sajini aliwaacha mpaka watulie. "Alitoka chumbani wakati wowote? Hata kidogo?"

"Mlango wake umeusikia. Haukulia mpaka alipokwenda kusali magharibi."

"Na ufunguo wa ghala?"

"Anaugonga ukutani akifikiri. Nilimwambia mara ngapi aache, ananiumiza kichwa. Jumapili aliugonga mchana kutwa."

Hapo ndipo Sajini alipokisikia alichokuwa akikitafuta wiki nzima katika miji mitatu. Funguo ni mbili. Mmoja ulikuwa ukitoboa chokaa Gerezani tangu adhuhuri mpaka magharibi, na kufuli lilifunguliwa bila kuvunjwa. Ulibaki mmoja. Alikumbuka jinsi Bwana Mbaruku alivyokuja kituoni kila siku kuuliza kesi imefika wapi, na jinsi alivyomtaja karani wake kabla hajaulizwa. Alikasirika, si kwa kelele, hasira ya mtu aliyetembezwa bure.

Bi Sikudhani naye alikuwa amefika palepale, tena labda mapema kuliko yeye.

"Nikiyasema haya kwa hakimu," alisema polepole, "nitakuwa nimemwambia nilizungumza na mwanamume katika eda. Na nitakuwa nimemtia shemeji yangu Mbaruku mikononi mwenu."

"Utakuwa umemwambia ulichosikia. Hayo mengine ni kazi ya miguu yangu."

"Shemeji anangoja nikosee. Kashanitamkia: mjane asiyeitunza eda ya kaka yake hana chumba katika nyumba ya kaka yake. Nina wanangu wawili kwa mama yangu wanangoja chumba hiki. Shomari analijua hilo."

"Ndiyo maana kanyamaza."

"Ndiyo maana."

Sajini Leodegar aliegemea nguzo ya mlango. Alikuwa na uwezo wa kumletea hati ya kumwita mahakamani, na alijua kwamba hataileta. Angempoteza Shomari kesho, kisha angekwenda nyumbani na kulala vibaya, kama kesi nyingine alizolalia vibaya. Alimwambia ukweli huo, kwa maneno machache, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuupamba. Kisha akaaga.

"Ngoja," sauti ilisema. "Lile la mwisho kalijaza?"

"Lipi?"

"La mficha uchi. Ni methali, lakini la mwisho kila gazeti lilikuwa zamu yangu. Jua likizama shemeji alikuja kugonga mlango wa mbele, tukanyamaza."

"Kaliacha tupu."

Candida alikuwa ameacha kulia.

"Mwambie nimeshindwa," Bi Sikudhani alisema.

"Umeshindwa?" Candida aliuliza. "Hiyo? Hata mtoto wa shule anaijua! Mficha uchi ha—"

"Nimeshindwa, dada. Mwambie nimeshindwa, na nampa mji. Nampa Dar es Salaam. Kesho asubuhi nitavaa nguo zangu nyeupe za eda, wewe utanisindikiza, na nitamkabidhi mbele ya hakimu."

Sajini alirudi kituoni kwa miguu, akipitia kwenye vivuli vya vibaraza. Koplo Bakili alimfungulia mlango wa mahabusu bila kucheka safari hii, kwa sababu alimtazama usoni. Shomari alisimama.

"Nimetoka kwako," Sajini alisema. "Lile lililobaki, mwenzio kasema kashindwa. Kakupa mji."

Shomari alielewa kila kitu kwa mara moja, na uso ukamwanguka. "Mji gani?"

"Dar es Salaam. Kesho anakuja kukukabidhi mwenyewe."

"Hapana. Hapana, afande! Watamtoa kwenye nyumba. Mwambie siutaki. Mwambie mji mkubwa mno huo, mrudishie." Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta.

Sajini Leodegar alikaa kwenye sakafu kando yake, akanyoosha mguu mbaya, akaanza kulegeza kamba za kiatu. Kisha akakumbuka kwamba kabla ya jua kuzama ilimpasa aende Buguruni kumwuliza yule rafiki wa Mbaruku maswali mawili, akazikaza tena.

"Mji ukishapokewa haurudi, nami nimeshakupokelea," alisema. "Mwulize Bakili."